Jinsi ya kumsoma fundi wa gitaa la stili: anza na miguu, mikono utaiona baadaye

Nyumbani kwetu Jumapili ilikuwa na sauti yake. Mzee anarudi kanisani, anavua tai, anaweka kanda ya Charley Pride, yule mwimbaji wa kantri, na kabla hata jamaa hajafungua mdomo kuna kitu kinalia pale nyuma, kinapanda kinashuka kama mtu anayetaka kulia lakini anajikaza. Miaka mingi nilidhani ni fidla. Nilipojifunza gitaa nikadhani ni gitaa la kawaida tu jamaa anavuta nyuzi kwa nguvu, nikajaribu na mimi kuvuta mpaka vidole vikatoka malengelenge na sauti bado haitoki ile. Siku niliyoona video ya mtu amekaa kwenye kiti, gitaa liko mbele yake kama meza, ameshika kipande cha chuma, huku chini ya hiyo meza magoti na miguu inafanya kazi kama mama kwenye cherehani, ndio nikaelewa nimekuwa nikitafuta pahali pasipo.

Hicho chombo ni gitaa la stili lenye pedali, wenyewe wanasema tu stili. Mimi sina, na bei yake bana tuiache. Lakini huhitaji kuwa nacho ndio uelewe fundi anafanya nini, unahitaji gitaa lolote la nyuzi sita, simu, headphone nzuri kidogo na uvumilivu. Mtu akifuata hizi hatua kwa mpangilio, wiki mbili tatu hivi atakuwa anasikia vitu kwenye nyimbo za kantri ambazo amezisikiliza miaka 20 bila kuvigundua.

Hatua ya 1: onja shida yenyewe kwanza

Usikimbilie pedali. Jiulize kwanza pedali zililetwa kutatua nini, na njia nzuri ni kuionja hiyo shida kwa mkono wako.

Chukua gitaa lako ulitunie upya liwe D A D F# A D, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba. Maana yake uzi wa 6 unashuka kutoka E mpaka D, wa 5 na wa 4 haviguswi, wa 3 unashuka kutoka G mpaka F#, wa 2 unashuka kutoka B mpaka A, wa 1 unashuka mpaka D. Angalia ni kushusha tupu. Kuna watu watakwambia panda uende E, mimi nilipanda na nyuzi zilizokuwa zimekaa mwaka mzima, ule wa 3 ukakatika ukanichapa shavuni, kwa hivyo shusha.

Sasa nenda kwa fundi wa magari uombe soketi ya spana iliyokwisha kazi, ile nene na nzito. Laza gitaa mapajani, weka kitu chembamba chini ya nyuzi pale juu kwenye shingo ziinuke kidogo, halafu telezesha soketi bila kukandamiza. Usibonyeze mpaka nyuzi ziguse freti (vile vyuma vya shingoni), soketi inakaa tu juu ya nyuzi, na inakaa juu kabisa ya mstari wa freti, sio katikati ya freti kama unavyoweka kidole. Ukipiga bila soketi ni kodi ya D (kodi ya muziki, noti kadhaa zinazolia pamoja, sio ya nyumba). Freti ya 5 ni G, freti ya 7 ni A. Tayari una kodi tatu za wimbo wa kantri.

Umeona tatizo? Kila kodi ni ileile imehamishwa. Ukitaka kutoka D kwenda G lazima uteleze nyuzi zote kwa pamoja, na sauti inasikika uiiii kama gari linapita. Huwezi kuacha noti moja imesimama huku nyingine ikitembea, na maina, ile kodi yenye huzuni, hupati kirahisi. Wapigaji wa zamani walikuwa na hili tatizo tangu Hawaii, ambako kijana Joseph Kekuku, aliyezaliwa 1874, ndiye anayetajwa sana kuwa aliyeanzisha hii staili ya kupiga gitaa kwa chuma. Walijaribu kuliponya kwa kulaza chuma mshazari, na kwa kujenga magitaa ya shingo mbili tatu mpaka nne, kila shingo na tuning yake. Cheza na soketi siku mbili tatu mpaka huo ukuta uuhisi mwenyewe.

Hatua ya 2: ijue tuning ya E9 kama unavyojua namba yako ya simu

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo, kwa hivyo tutakaa kidogo.

Stili ya Nashville, mji wa kantri kule Marekani, ina nyuzi 10, na E9 ni jina la tuning yake. Kutoka uzi wa 1, ulio mbali na tumbo la mpigaji, mpaka wa 10 ulio karibu naye, ni hivi: F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D, B.

Andika kwenye karatasi ubandike ukutani. Halafu uitazame vizuri, kuna kitu cha ajabu. Uzi wa 1 sio mwembamba kuliko zote! Ulio juu kabisa kwa sauti ni wa 3, ile G#, na huwa ni wa unene wa 0.011 ya inchi, mwembamba kweli, ndio unaokatika kila mara. Huo mvurugiko una historia yake. Hizo mbili za mwanzo, F# na D#, ziliongezwa na mpigaji stili Buddy Emmons mwaka 1962 ili apate noti za katikati za kupigia melodi bila kuhamisha chuma, akaziweka huko mbele, na tangu hapo karibu kila mtu akafuata. Kwa hivyo ukiona fundi anapiga melodi huku kidole chake kinaruka mbele kinarudi nyuma kama mtu anayeruka madimbwi, ndio hiyo.

Ukitoa hizo mbili, na F# ya saba, na D ya tisa, zinazobaki ni G#, E, B, G#, E, B. Hiyo ni E meja tupu (meja ni ile kodi yenye furaha). Kwa hivyo mkono wa kulia una vishiko vyake vya kawaida: 3-4-5, 4-5-6, 5-6-8, 6-8-10. Uzi wa 7 unarukwa. Kama ulizoea kuchuna mi-solo (gitaa la kati) ya rumba utaelewa haraka, vidole vinajifunza kuruka uzi mpaka vinasahau kuwa vinaruka. Na ile D ya tisa ni saba ya kodi, ukiigusa unapata E7, ule utamu wa kodi inayotaka kurudi nyumbani.

Hatua ya 3: pedali A na B, na hapa ndipo utasema ohooo

Pedali za mguu wa kushoto kwa kawaida ni tatu. Zinafanya hivi:

A inapandisha B zote (uzi wa 5 na wa 10) toni nzima, yaani freti mbili, zinakuwa C#.
B inapandisha G# zote (uzi wa 3 na wa 6) nusu toni, yaani freti moja, zinakuwa A.
C inapandisha uzi wa 4 kutoka E mpaka F#, na wa 5 kutoka B mpaka C#.

Sasa fanya hesabu na mimi. Nyuzi za 4, 5, 6 ni E, B, G#. Kanyaga A na B pamoja zinakuwa E, C#, A. Hiyo ni kodi ya A meja, na E haijasogea hata nywele. Umetoka kodi ya kwanza kwenda ya nne (hesabu E, F#, G#, A) bila chuma kuhama! Ukiachia pedali unarudi kodi ya kwanza, na hiyo sauti ya kurudi unaijua tangu utotoni, ni ile Amina ya mwisho wa wimbo kanisani. Ndio maana inaingia moyoni haraka.

Chukua ufunguo wa G, chuma kiko freti ya 3. Bila pedali ni G. Kanyaga A na B ni C. Peleka chuma freti ya 5 ukiwa bado umekanyaga ni D. Achia, rudi freti ya 3, umefika nyumbani. Kanyaga A peke yake pale freti ya 3 unapata E maina. Wimbo mzima umeupiga ndani ya freti mbili.

Huko nyuma pedali zilikuwepo, lakini wengi walizitumia kubadilisha tuning kimyakimya katikati ya mistari, msikilizaji asijue. Mwaka 1954 ukatoka wimbo wa Webb Pierce uitwao Slowly, na Bud Isaacs, aliyekuwa kwenye stili, akafanya kitu kilichoonekana kama kosa, alikanyaga pedali wakati noti bado zinalia, watu wakasikia nyuzi zinapinda ndani ya kodi. Wapigaji wengine wakachanganyikiwa, kila mtu akataka ile kitu kwenye gitaa lake. Isaacs alikuwa anafanya yote kwa pedali moja. Buddy Emmons na mpigaji mwenzake Jimmy Day ndio wanaotajwa kwa kuitenganisha ikawa mbili, A kivyake na B kivyake, na hapo ndipo mlango ulipofunguka kabisa maana sasa unaweza kuikanyaga moja, ukachelewesha nyingine, ukaachia nusu. Hawa wawili hawakukubaliana kitu kimoja tu, mpangilio. Wa Emmons unakwenda A, B, C kutoka kushoto, wa Day umegeuzwa C, B, A. Mpaka leo mpigaji wa stili ukimuuliza atakwambia yeye ni Emmons ama Day, kama vile unavyouliza shabiki wa mpira ni Gor ama Ingwe.

Zoezi la hatua hii: rudisha gitaa lako tuning ya kawaida. Kidole kidogo uzi wa 1 freti ya 8 (hiyo ni C), kidole cha pete kikisaidiwa na cha kati uzi wa 2 freti ya 8 (hiyo ni G). Piga zote mbili, halafu sukuma uzi wa 2 mpaka usikike kama freti ya 10, huku sauti ya ule wa 1 imesimama palepale bila kuyumba. Hiyo ndio pedali A. Ukiweza, ongeza uzi wa 3 freti ya 9 uusukume nusu toni kwa wakati huohuo, hiyo ni pedali B. Utatukana. Fundi wa stili anafanya kwa kifundo cha mguu.

Hatua ya 4: panda mpaka magotini

Leva zinaning'inia chini ya gitaa, goti linasukuma kushoto ama kulia, na nyingine inasukumwa kwenda juu. Hapa kila mpigaji ana yake lakini tano hivi utazikuta karibu kila pahali: moja inashusha E zote mpaka D#, moja inazipandisha mpaka F, moja inashusha uzi wa 2 kutoka D# mpaka D na ukiendelea kusukuma mpaka C#, moja inashusha B mpaka Bb, na moja inagusa uzi wa 1 unakuwa G.

Ile ya kupandisha E mpaka F ndio mimi naiona kali kuliko zote. Ukiichanganya na pedali A unapata kodi ya meja pahali pengine kabisa. Matokeo yake G hiyohiyo una nyumba tatu: freti ya 3 bila kitu, freti ya 6 na pedali A pamoja na leva ya F, freti ya 10 na A na B, halafu ya 15 unaanza tena. Kwa hivyo ukimuona fundi anapanda shingo kwa hatua tatu ngazi ngazi na kodi ni ileile inazidi tu kung'aa, hahangaiki kutafuta noti, anatoka nyumba moja kwenda nyingine na kila mlango ana ufunguo wake mguuni.

Na hapo mguu wa kushoto uko A na B, goti la kushoto liko kwenye leva, goti la kulia kwenye leva nyingine, na mguu wa kulia uko kwenye pedali ya volyumu. Mikono bado hatujaitaja.

Hatua ya 5: sikio lako lipewe mtihani mmoja

Tafuta rekodi yenye stili iliyo mbele. Mimi napendekeza Charley Pride akiwa laivu Panther Hall kule Fort Worth, Texas, mwishoni mwa miaka ya 1960, Lloyd Green ndiye yuko kwenye stili. Punguza spidi kwenye simu mpaka 0.75, chukua sekunde nne tu, usichukue wimbo mzima, kisha jiulize swali hili: noti zote zimesogea pamoja, ama moja imesogea na nyingine zimesimama?

Zote pamoja ni chuma. Moja imesimama na jirani yake anatembea ni pedali ama leva. Basi. Swali moja hilo linafungua nusu ya kila kitu. Utashangaa ni mara ngapi ulidhani jamaa anateleza kumbe chuma hakijahama hata kidogo, na mara nyingine anafanya vyote viwili, chuma kinashuka huku pedali inapandisha, noti moja inabaki palepale wakati dunia yote inageuka chini yake. Hiyo ikikupata mara ya kwanza utarudisha nyuma mara kumi.

Kwa Lloyd Green kuna jambo lingine la kuliheshimu. Wenzake wengi walikuwa na shingo mbili, E9 na ya pili yenye tuning ya C6 ya mambo ya swing na jazi. Yeye aliiacha ile ya pili, pale ilipokuwa akaweka pedi ya kuegemeza mkono, akabaki na E9 yake, na bado alikuwa anaitwa studio mchana kutwa. Mtu akikwambia vifaa vingi ndio ufundi, mwambie akasikilize huyo.

Hatua ya 6: mkono wa kushoto

Chuma chenyewe ni cha mviringo, kizito, gramu 200 na kitu. Freti ni mistari tu iliyochorwa, hakuna kitu cha kukusaidia ukikosea, milimita moja pembeni umetoka kwenye tuni na kila mtu amesikia. Angalia vidole viwili vya mwisho vinavyoburutwa nyuma ya chuma. Sio madoido, vinazima nyuzi upande wa nyuma zisilete kelele. Na vibrato, yaani kutetemesha noti, fundi mzuri anabiringisha chuma polepole mbele na nyuma, na haanzi nayo, anaacha noti isimame safi kwanza. Anayetetemesha tangu mwanzo mara nyingi anaficha kwamba hajui freti iko wapi (na mimi na soketi yangu tumo humo).

Hatua ya 7: mkono wa kulia na ule ukimya

Piki ya kidole gumba na piki mbili za chuma za vidole. Watu wanatazama kuchuna, wewe tazama kuzima. Nyuzi 10 zenye sauti ndefu hivyo, usipozizima inakuwa uji. Kuna wanaozima kwa ukingo wa kiganja, kinashuka kinainuka kati ya noti na noti, na kuna wanaozima kwa ncha za piki zenyewe, kidole kinarudi kwenye uzi kabla ya mwingine kupigwa. Ukisikia msururu wa noti za haraka kila moja imekatwa safi kama vitunguu vya mpishi wa harusi, hapo kuna mazoezi ya miaka.

Hatua ya 8: pedali ya volyumu

Wengi wanadhani inatumika kuvimbisha sauti kutoka sifuri, ile waaaa. Inatumika hivyo mara mojamoja. Kazi yake ya kila siku ni kuficha kwamba noti inakufa. Fundi anapiga pedali ikiwa karibu nusu, halafu noti inapoanza kufifia anaongeza taratibu, kwa kipimo kilekile, sikio linaamini noti haijapungua. Ndio maana stili inaimba kama mtu mwenye pumzi isiyoisha.

Hatua ya 9: kwa nini tyuna ya simu inasema yuko flati na yeye anatabasamu

Hii niliikosea muda mrefu. Tyuna, ile app ya kutunia, inagawa kila nusu toni senti 100 sawasawa (senti za sauti, sio za pesa), na ukiwa chini ya alama inasema uko flati. Lakini noti ya tatu ya kodi, mfano G# ndani ya E, sikio linaipenda ikiwa chini ya hapo kama senti 14. Kwenye gitaa la kawaida hatujali maana noti zinakufa haraka, kwenye stili kodi inalia sekunde nne na ule mtetemo wa wawawawa wa noti zisizopatana unasikika wote. Kwa hivyo wapigaji wengi wanashusha G#, na wanashusha pia C# inayotoka pedali A, kwa sababu yenyewe ndiyo tatu ya kodi ya A.

Jaribu: gitaa lako la kawaida, shika E meja, piga polepole, halafu legeza uzi wa G kidogokidogo sana mpaka kodi itulie kama maji. Ndio hapo. Sasa piga kodi ya C na hiyo G imeharibika. Umeelewa kwa nini kila mpigaji wa stili ana maelewano yake mwenyewe na tyuna.

Anavyotuni ni hivi: nyuzi zikiwa wazi anatuni kule kwenye vichwa vya nyuzi, halafu anakanyaga pedali moja moja na kurekebisha upande wa pili kwa kifunguo kidogo, kwenye nati za nailoni zilizoshika vyuma vyembamba vinavyopita chini ya gitaa. Kisha kuna uchawi wa mwisho, ukikanyaga A na B mwili wa gitaa lenyewe unapinda kidogo sana na nyuzi zisizoguswa zinashuka senti kadhaa. Anajua hilo, anakata hesabu katikati.

Hatua ya 10: soma chati yake

Kila mpigaji ana chati yake inayoitwa kopedenti. Nyuzi 10 zinakwenda chini, pedali na leva zinakwenda pembeni, na penye makutano kuna noti ama alama ya kupanda na kushuka. Ukiipata ya mtu unayempenda, usiisome yote. Weka ya kawaida pembeni, ile ya hatua ya 2 mpaka ya 4, utafute tu zinapotofautiana. Hapo ndipo ladha yake ilipo. Amebadilisha leva gani? Kwa nini F# imepewa goti lake? Rudi kwenye rekodi usikilize kama utaisikia.

Ukimaliza hapo toka Nashville kidogo. Msikilize Demola Adepoju wa Nigeria kwenye muziki wa juju wa King Sunny Adé, stili ileile ya wachunga ng'ombe wa Texas inaelea juu ya ngoma za Kiyoruba na inakaa kama imezaliwa Lagos. Fanya mtihani wa hatua ya 5 pale pia, chuma ama pedali.

Na kama siku moja utabahatika kukutana na mpigaji baada ya shoo, usimwambie tu umepiga vizuri, hilo analisikia kila siku. Muulize goti lake la kulia linafanya nini. Halafu tafuta kiti, maana hataacha kuongea.